Msalaba wa Shaba

Unakaa mlangoni, unazuia mlango usipigwe na upepo.
Mikono minne sawasawa, mizito,
kona moja imeliwa na kutu ya kijani
kama mkate uliosahauliwa kabatini.

Babu Kaponda aliuchimbua akilima mihogo nyuma ya Ruashi.
Aliujua kabla hajaufuta udongo.
Wazee wake walikuwa wala-shaba:
kiangazi walikitoboa kichuguu wakakifanya tanuru,
wakavuvia kwa ngozi ya swala mpaka jiwe likalia,
machozi yake wakayakinga kwenye mchanga
uliochorwa kwa vidole viwili.
Kwa misalaba hii mtu alioa,
alilipa damu,
alizikwa nayo kifuani.
Na hakuna aliyekuwa amesikia habari za Yerusalemu.

Padri wa Kamalondo aliugeuzageuza.
"Huu si msalaba, Kisimba. Hii ni pesa."
Baba akaitika kwa kichwa. Alikuwa na zamu ya usiku kiwandani,
tena hakupenda kubishana na watu wenye viatu safi.
Lakini Mama, njiani, alisema bila kugeuka:
"Na ule wa Bwana? Ulilipa nini, kama si deni?"

*

Kambi yetu iliamshwa na king'ora.
Bomba la kiwanda likikohoa, nguo nyeupe zilianuliwa mbio.
Ukuta wetu na wa akina Ngalula ulikuwa mmoja;
usiku nilimsikia baba yake akisali kwa Kiluba cha Kasai,
nikaijua amina yake
kabla ya kuijua yangu.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na mbili,
na neno likapita mitaani kwa miguu sita.
Bilulu. Wadudu.
Lilisemwa sokoni, lilisemwa bombani penye foleni ya ndoo,
likaandikwa kwa makaa juu ya mlango wao.

Nami nililisema.
Nilikuwa na miaka tisa, na muwa mdomoni.
Ngalula alikuwa akiruka kamba.
Nililisema kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.
Kamba ilisimama.

Wiki saba walilala stesheni, wakingoja treni
ya kwenda "kwao", ambako Ngalula hakuwahi kufika.
Magodoro, cherehani, kuku mmoja kikapuni.
Mzee mmoja alikuwa ameng'oa mlango wa nyumba yake
akaja nao, akalala juu yake.
Kuhara kulipita kukihesabu watoto.

Mama alisonga bukari, akaifunga kwa kitenge,
na msalaba chini ya sufuria.
"Utabeba wewe," akaniambia.
Hakusema kwa nini. Nadhani kuta zile zilikuwa nyembamba pande zote mbili.

Baba Beya alinawa kwa maji ya kikombe,
akafumba macho, akaiombea mikono iliyopika
na miguu iliyoleta.
Miguu yangu.
Nikatazama reli.

Mama akamsukumia mkewe msalaba: "Uuze njiani."
Mama Ntumba akaupima kiganjani, akaurudisha.
"Ni mzito, dada. Tumeshabeba."

*

Sijui kama Ngalula yu hai.
Nimeuliza Mwene-Ditu, nimeuliza Kananga;
watu hunitajia Ngalula wengi,
mmoja muuza mafuta, mmoja mtawa, mmoja kaburi.

Kwenye kitubio nimeungama uongo, nimeungama tamaa,
hata sukari ya shangazi.
Neno lile hubaki nyuma ya meno.
King'ora kimenyamaza. Baba alipewa bahasha ya kumaliza kazi,
ikaisha kabla ya masika.
Mlima mweusi wa taka bado upo, watu bado wanauchokonoa,
wanapata kitu.

Leo Jumamosi nimeusugua msalaba kwa ndimu na majivu.
Chini ya kijani kuna wekundu, kama ufizi.
Nimepiga magoti pale pale sakafuni, nimeanza Baba Yetu,
nimefika utusamehe makosa yetu,
kama...

Kamba ikasimama.

Na mlango, usiokuwa na wa kuuzuia,
ukajibamiza.